Flashi ya nje, kamera ya zamani na mama mkwe nisiyeruhusiwa kumtazama: yaliyonikuta Newala

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri shikamooni, tuliolingana mambo vipi.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Atakayesema ni chai, aje na sukari yake tunywe wote.

Mimi nina steshenari hapa Masasi. Kopi, kuchapa barua, kulaminisha vyeti, na picha za pasipoti saizi.

Picha napigia kamera ndogo ya dijito, ile ya kuingia mfuko wa shati, inayotumia betri mbili za kawaida. Ni nzee kuliko ndoa yangu.

Najua mnachotaka kuuliza. "Mkuu, kwani simu huna?" Simu ninayo. Ila kamera hii ukiiwasha lenzi inatoka mbele kwa mlio, na mteja akiuona ule mtambo unatoka anakaa wima mwenyewe bila kuambiwa. Simu haina heshima hiyo.

Ugonjwa wake ni flashi. Iko pale pale pembeni ya lenzi, inammulika mtu usoni moja kwa moja, uso unatoka bapa na unang'aa kama sahani. Na juu haina ile reli ya kuchomekea flashi kubwa.

Sasa siku moja mnadani, kwenye meza ya mitumba ya umeme, nikakutana na flashi ya nje yenye kijicho mbele. Muuzaji akaniambia haihitaji waya wala reli. Mtu anaishika pembeni, na ikiona flashi ya kamera imewaka, nayo inawaka hapo hapo.

Kifuniko cha betri kilikuwa kimelegea. Muuzaji akakizungushia solotepu nyeusi mizunguko mitatu, akanikabidhi. Hiyo solotepu ikumbukeni.

Nilipofika dukani nikapiga picha ya ukuta kuijaribu. Flashi ikaitika, ikamulika mpaka kwa fundi cherehani wa jirani. Nikaridhika. Picha yenyewe imetokaje sikuangalia. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo.

Tuje ukweni sasa.

Mke wangu Somoe ni Mmakonde wa Newala. Mimi ni Mmakua wa Lupaso. Kwao wanashika sana heshima ya ukwe: mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hamsemeshi ana kwa ana. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mwenyewe yuko nyuma ya mlango na amekusikia vizuri.

Najua koo nyingi zimelegeza. Wapo wanaopiga selfi na mama wakwe zao, siwasemi vibaya. Kwa kina Somoe haijalegea hata inchi moja, kwa sababu bibi yao mzaa mama yuko hai na ndiye mlinzi wa sheria.

Kwa hiyo ndoa ina miaka kumi na moja, na mama mkwe wangu, Mama Somoe, namjua kwa sauti, kwa miguu na kwa kanga zake. Ungeniwekea wanawake watatu wa rika lake nimchague, ningeshindwa.

Jambo jingine dogo, halafu tuendelee. Tuna mtoto mmoja, Nasra, ana miaka tisa. Ana mwanya meno ya juu, mpana, mzuri kweli kweli. Mimi sina mwanya. Somoe hana. Baba mkwe, marehemu, hakuwa nao. Kwetu Lupaso hakuna hata mmoja mwenye nao.

Dada zangu kila tukikutana, Somoe akiwa hayupo, lazima mmoja aulize huku anacheka, "Eti Baba Nasra, huu mwanya mmeuokota wapi?"

Nami nacheka. Lakini nisiwadanganye wakuu, kuna asubuhi nilikuwa namwangalia mtoto anapiga mswaki, lile swali likaja lenyewe bila dada yangu kuwepo. Nikalifukuza, maana kumuuliza Somoe ni sawa na kumshtaki. Lilikuwa na tabia ya kurudi.

Haya, tumrudie bibi. Anaitwa Biti Chande. Ana nembo, zile chale za Kimakonde za zamani, mistari imepanda mashavuni mpaka kwenye paji la uso. Wenye nembo wamebaki wa kuhesabu.

Mwaka huu tumbo likamsumbua sana. Akapimwa, ikaamuliwa apasuliwe hospitali ya Ndanda siku ya Jumatatu, na akaambiwa kabisa kwamba tumbo lile halisubiri.

Ijumaa Somoe akapigiwa simu. Bibi kagoma. Haendi Ndanda mpaka apigwe picha moja: yeye, binti yake, mjukuu wake na kitukuu wake. Wanawake wanne, vizazi vinne.

"Nikibaki huko, mtanikumbuka kwa sura gani?" ndivyo alivyosema.

Picha anazo, tatizo hazitaki. Ya kitambulisho amefumba macho. Za simu za wajukuu zimepigwa ndani, uso bapa, nembo hazionekani kabisa. Kila akionyeshwa anasema, "Huyu hana nembo. Huyu si mimi."

Walimbembeleza, wapi. Akageukia ukutani.

Mimi nikasikia, nikavimba kichwa. Nilishasoma mtandaoni kwamba vitu vya mistari na mikunjo vinataka mwanga wa pembeni ndiyo vionekane. Na mimi mwanga wa pembeni ninao, umefungwa solotepu. Nikamwambia Somoe, "Mwambie bibi fundi anakuja."

Samahani, kuna mteja alikuja kutoa kopi ya cheti. Tuendelee.

Jumamosi asubuhi tukapanda Noah ya abiria, mimi, Somoe na Nasra. Newala tumeikuta kwenye ukungu na baridi yake. Nyumbani bibi amekaa kitandani, chumba kina dirisha moja dogo. Nikashauri tumtoe barazani kwenye mwanga. Akasema yeye si mkeka wa kuanikwa.

Shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Somoe, dereva wa bodaboda, ndiye nikampa kazi ya kushika flashi. Nikamweka kushoto kwa bibi, nikamwambia asimame kama nguzo.

Mama Somoe akaingia. Mimi hapo hapo macho chini, yeye kanga juu mpaka kwenye nyusi. Akakaa amenipa mgongo.

"Somoe," akasema kwa sauti ya chini, "muulize Baba Nasra, akitazama kwenye kamera ni kutazama, au siyo kutazama?"

Somoe akaniuliza. Nikajibu, kupitia kwa Somoe, kwamba mimi naona kioo cha kamera tu, simwoni mtu.

Bibi akakata shauri kutoka kitandani. "Jicho ni jicho."

Basi nikasema tuanze na bibi peke yake, maana kumtazama yeye hakukatazwi, hilo la mama tutalitafutia njia.

Nikapiga. Flashi ya Hamisi ikawaka, chumba kizima cheupe, Nasra akapiga makofi. Nikaangalia picha.

Bibi bapa. Macho amefumba. Nembo hakuna hata mstari mmoja. Kwenye picha ni kana kwamba flashi ya Hamisi haijazaliwa.

Nikapiga tena. Hivyo hivyo. Nikamsogeza Hamisi karibu, nikamweka mbali, nikamweka kulia, nikampandisha juu ya stuli. Nilipiga picha kumi na mbili, na bibi kafumba macho kumi na mbili.

"Shemeji, unamulika wapi wewe?"

"Shemeji, hata kuku wa jirani wameuona huu mwanga. Kamera yako ndiyo haioni."

Nikaanza kutoka jasho na baridi yote ile. Hamisi akasema kamera imekataa. Mama Somoe akasema, kupitia kwa Somoe, kwamba Baba Nasra asijitese, kamera imechoka, hata yeye mwenyewe amechoka. Nikaelewa. Hiyo ni lugha ya ukweni ya kumwambia mtu ameshindwa.

Na kila mtu mle ndani alijua maana yake ni nini. Bila picha bibi haendi, na Jumatatu ni kesho kutwa.

Bibi akaingilia. Alisema Kimakonde kirefu, na mimi Kimakonde nasikia nusu. Nikamwona Somoe anacheka.

"Bibi anasema hako kadude kako kanakonyeza mara mbili."

"Mara moja," nikasema.

"Anasema mara mbili. Kwanza kanakonyeza kadogo, yeye anafumba macho. Halafu ndiyo kanakonyeza tena na kulia kwich. Na hilo lidude la Hamisi linaitikia lile la kwanza. Anasema linaitika kabla halijaitwa, lina kiherehere."

Wakuu, nilikaa chini.

Miaka yote ninayoitumia ile kamera sikuwahi kujua. Kamera hizi ndogo za dijito zinatoa mwako mdogo kwanza kupima mwanga, halafu mwako wa pili ndiyo wa picha. Inafuatana haraka mno, mtu wa kawaida anaona mmoja. Bibi mgonjwa, aliyekaa amelikodolea macho lile dude, kaiona yote miwili.

Kwa hiyo flashi yangu kubwa ilikuwa inamaliza nguvu zote kwenye mwako wa kupima. Picha inapopigwa yenyewe, flashi iko inajichaji inalia nyiii, haina habari.

Nikaichukua kwa Hamisi, nikaanza kuigeuza geuza. Nikabandua ile solotepu ya muuzaji. Chini yake, wakuu, kuna kiswichi. Kimeandikwa S1 na S2, na kimewekwa S1.

S1 ni ya kamera zinazowaka mara moja. S2 inauruka mwako wa kwanza na kuitikia wa pili. Dawa yangu ilikuwa chini ya solotepu tangu mnadani.

Nikaweka S2. Likabaki la macho, maana bibi alikuwa bado anauona ule mwako wa kwanza na kufumba. Nikataka kitu cha kung'aa cha kuzibia flashi ya kamera, mwanga wake uelekee kwa Hamisi usimfikie bibi.

"Nani ana ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa, sikuwa na nia mbaya. Hamisi akaingiza mkono mfukoni kwa haraka ya kusaidia, akatoa pakiti. Nusu imetumika.

Kanga ya Mama Somoe ikageukia kwa Hamisi.

"Hamisi," Mama Somoe akasema, na hapa hakupitia kwa mtu, "hiyo ni nini?"

"Ya abiria, mama. Aliisahau kwenye pikipiki."

Bibi akacheka mpaka akashika tumbo, tukaogopa. Hamisi hajanisamehe mpaka leo.

Nikakunja ile karatasi, nikaibandika kwa ile ile solotepu. Nikapiga.

Nikaangalia. Nikampa bibi kamera mkononi.

Macho wazi. Mwanga umekuja kutoka kushoto, na nembo zote zipo, mstari kwa mstari, shavu kwa shavu, mpaka zile za kwenye paji la uso. Bibi aligusa kioo kwa kidole, halafu akagusa shavu lake, halafu kioo tena.

"Huyu," akasema kwa Kiswahili ili nisikie. "Huyu ndiye mimi."

Nilifurahi, wakuu. Nilifurahi mpaka nikasahau nusu ya kazi bado iko imenipa mgongo.

Nikamwomba Somoe aulize kama bibi anaweza kulegeza kwa dakika moja tu. Halegezi. Nikamwomba Somoe mwenyewe apige. Akaniuliza kama nimesahau kuwa naye yumo kwenye picha. Hamisi kashika flashi. Wa kubonyeza ni mimi tu.

Ndipo nikakumbuka taima. Kamera inahesabu sekunde kumi halafu inajipiga yenyewe. Nikaomba kinu, nikakipindua, nikaweka kamera juu yake. Mpango ni huu: nabonyeza huku naangalia chini, natoka nje, Mama Somoe anafunua uso kwa raha zake, picha inajipiga.

Mara ya kwanza nikatoka kwa mwendo wa heshima. Somoe akaangalia picha: mama mkwe bado yuko ndani ya kanga, alikuwa anasubiri asikie hatua zangu barazani.

Mara ya pili nikaongeza mwendo. Picha ikamkuta anamuuliza Hamisi, "Katoka?" na Hamisi anajibu, "Katoka." Somoe akasema mama katoka mdomo wazi.

Mara ya tatu nikasema hapa heshima niiweke pembeni. Nikabonyeza, nikakimbia.

Milango ya ile nyumba ni mifupi. Kuingia niliinama, kutoka nikasahau. Paji la uso likakutana na kizingiti, ko! Nikapepesuka barazani nikakalia ndoo ya mihogo iliyolowekwa. Nilikaa humo nimekwama, maji yakipanda mpaka kiunoni.

Ndani wakaangua kicheko.

Na katikati ya vile vicheko kulikuwa na kimoja sijawahi kukisikia kwa miaka kumi na moja, kicheko cha sauti ya juu kama cha msichana. Flashi ikawaka, nikaona dirisha limekuwa jeupe.

Somoe akatoka na kamera ameikumbatia, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Imetoka?"

"Imetoka. Mama anasema ahsante, na hapo kichwani upake mafuta. Na anasema usiitazame."

"Nitaiprinti vipi bila kuitazama?"

Akarudi kuuliza. "Mama anasema hilo ni lako, wewe si ndiye fundi."

Na kutoka ndani nikamsikia bibi. "Haya. Ndanda ni Jumatatu, siyo? Nifungieni mizigo."

Jioni nikarudi Masasi, Somoe na Nasra nikawaacha kwa bibi, na Jumapili nikafungua duka peke yangu. Wallahi nilijitahidi. Nilibandika karatasi nyeupe kwenye kioo cha kompyuta, nikafungua picha kwa kukisia, nikabonyeza printi, nikageuka kuangalia barabarani.

Ila printa yangu inatoa karatasi picha ikiwa juu. Na lazima ukate kingo. Huwezi kukata kingo ukiangalia barabarani.

Nikaiona.

Bibi katikati, nembo zake zote, anacheka macho wazi. Nasra kamshika mkono. Somoe kainama. Na pembeni mwanamke ambaye sijawahi kumwona, kanga imemwangukia mabegani, kichwa amekirudisha nyuma, anacheka mdomo wote.

Ana mwanya.

Meno ya juu. Mpana. Ule ule. Nasra yuko pale chini ya kidevu chake naye anacheka, mianya miwili kwenye picha moja, ungesema imepimwa kwa rula moja.

Nikaweka karatasi chini. Nilitoa machozi kidogo, sitawaficha. Ya furaha yalikuwemo, lakini mengi yalikuwa ya aibu, kwa zile asubuhi za mswaki. Somoe hajui na naomba humu asipite.

Jumatatu Noah iliyombeba bibi, Mama Somoe na Somoe ikapita Masasi kuelekea Ndanda. Nikampa Somoe bahasha, nikasimama mbali na dirisha, macho kwenye matairi.

Nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka ndani. "Somoe, ameiona?"

Somoe akaniangalia. Uso wangu sijui ulikuwaje, maana yeye hakuuliza kitu.

"Hajaiona, mama. Kaprinti tu."

Bibi akapasuliwa, akakaa wodini siku zake, akarudi Newala na miguu yake. Nasikia picha aliisimamisha kwenye kikabati cha kitanda, na kila nesi aliyepita alipewa darasa la nembo. Sasa imetundikwa chumba cha ndani, ambako mimi siruhusiwi kuingia.

Nilichojifunza, kwa wenye kamera kama yangu: flashi ya nje inafanya kazi hata kama kamera haina reli, lakini fahamu kwanza kamera yako inawaka mara ngapi. Kama flashi yako ina S2, iweke huko. Zima na ile alama ya jicho kwenye menyu, ya kuzuia macho mekundu, ile inawasha vimwako vingi na flashi inapoteza hesabu. Ukinunua kitu mnadani, bandua solotepu. Na mgonjwa akikwambia anaona kitu, msikilize kabla hujambishia, na asiposema muulize, kitu nilichotakiwa kukifanya tangu picha ya kwanza.

Sasa naombeni ushauri wenu, hasa mliooa huku kwetu kusini. Kumwona mkwe kwenye picha nako ni kumwona? Au ile ni karatasi tu na mimi ni mfanyabiashara? Kuna faini yoyote, au ninyamaze nife nalo?

Nauliza kwa sababu juzi nilikuwa Lupaso. Dada yangu mkubwa kamkalisha Nasra mapajani, kamwangalia anacheka, kaanza tena, "Baba Nasra, hivi huu mwanya mmeuokota wapi?"

Safari hii nikajibu kwa kifua. "Umetoka Newala. Ni wa bibi yake mzaa mama."

Dada akanikazia macho. "Wewe umeujuaje?"

Nikaomba maji ya kunywa.